Kamba za Kaltumi

Mlango wetu wa jikoni umewahi kung'oka bawaba mara mbili, na mara zote mbili aliyeung'oa ni mama mkwe wangu Kaltumi, mwanamke wa miaka sabini na tatu. Si kwa hasira. Alikuwa anapima kamba. Akimaliza kusuka kamba huifunga kwenye kitasa, hukanyaga ukuta kwa mguu mmoja, kisha huvuta mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Isipokatika anaitia kwenye kapu lake chini ya kitanda, na hapo inakaa. Hampi mtu.

Zamani alikuwa anawapa watu. Kule Bombo, kwa Wanubi wenzake, kamba za Kaltumi zilifunga magodoro ya mabibi harusi, ndoo za kisimani na mbuzi wa Idi. Huchambua nyuzi kutoka magunia ya nailoni, huzitia rangi, huzisuka. Nyuzi hizohizo ndizo anazopambia tabaga, yale makawa yao ya kufunikia chakula. Mwanawe Muhamadi alipokwenda vitani Somalia alimpa kamba mbili ndefu za kufungia begi lake, moja nyekundu na moja ya kijani. Mwaka uliofuata Muhamadi alirudi na begi limefungwa kwa waya. Mama akamwuliza kamba ziko wapi.

"Zilikatika, mama. Huko vitani."

Basi. Tangu siku hiyo, miaka kumi na miwili, Kaltumi anavuta mlango wangu.

Huyo Muhamadi ndiye mume wangu. Mimi naitwa Rahima, nina duka la vitambaa Nakivubo. Kwetu ni watu wa biashara, babu zetu walipanda kutoka pwani na bidhaa zao na Kiswahili chao, na hatujui kukaa kimya. Mimi nikijikata kidole utasikia habari zake wiki nzima. Muhamadi aliendesha kifaru katika shambulio ambalo wanajeshi waliokuwa huko wanalisimulia mpaka leo, nami mkewe ilibidi nilisikie kwa wateja. Walisema kifaru kimoja kilivunja mistari mitatu ya mahandaki. Walisema kamanda wake, Luteni Oyet, aliamuru kusonga mbele huku mguu wake umeharibika. Dereva hawakumtaja jina. Nikimwuliza Muhamadi, anainuka anakwenda kuosha gari. Wenzake wa jeshini wakimpigia, anabadilisha namba ya simu. Mwishowe nilianza kuogopa. Nilijiambia kwamba huyu mwanamume alifanya jambo baya kule, tena baya sana, na mimi nalala nalo kitanda kimoja.

Jumatano moja asubuhi, njia ya Nakivubo ikiwa bado na matope ya mvua, mwanamume mrefu mwenye mvi aliingia dukani akiburuta mguu wa kulia. Nilidhani anataka kitambaa cha suti.

"Nyabo, mimi naitwa Oyet," alisema, akiniita bibi kwa lugha ya mjini. "Natafuta Muhamadi. Alikuwa dereva yangu."

"Dereva wa gari gani?"

"Ya kifaru."

Futi yangu ya kupimia ilianguka, wala sikuiokota. Nilimpa kiti. Nilimwambia kwamba Muhamadi ni mume wangu, kwamba siku hizi anaendesha gari la kunyanyulia mizigo kwenye ghala moja viwandani, na kwamba hataki kumwona mtu yeyote wa jeshi.

"Najua. Mara tatu nimepata namba yake, mara tatu ameizima. Nyabo, sikuja kumletea shida. Iko kitu moja lazima nimwambie mbele ya uso yake. Nimekaa nayo miaka mingi, inanikula."

Nilimtazama vizuri. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Nikakata shauri papo hapo, bila kumwuliza mume wala shetani wake. "Jumapili saa saba mchana," nikamwambia. "Njoo ule kwetu."

Tunakaa Bugolobi, ghorofa ya tatu, upande ambao upepo unaleta harufu ya kahawa kutoka viwandani. Oyet alipanda ngazi akipumzika kila kona, akafika ametota jasho. Kaltumi alimkaribisha mkekani, akaniambia nimletee mgeni mito miwili ya kuegemea. Chakula kilikuwa tayari, gurusa, mikate yao ile laini ya kuchovya, pamoja na mchuzi wa nyama, vyote chini ya kawa lake jekundu na kijani.

Muhamadi aliingia na ndoo mkononi, ametoka kuosha gari. Alipomwona Oyet alisimama wima kama yuko gwarideni.

"Afande."

"Muhamadi."

Kisha mume wangu akaweka ndoo chini polepole, akageukia mlango. Lakini Kaltumi alikuwa ameshanyanyua kawa, na nyumbani kwa Kaltumi kawa likishanyanyuliwa hakuna anayetoka mpaka ale na kunawa mikono. Hata polisi aliyemfuata mpwa wake mwaka fulani alikula kwanza. Muhamadi alitazama kawa, akamtazama mama yake, akaketi pembeni kabisa, karibu na viatu.

Tulikula kimya. Niliumia, kwa sababu ule ulikuwa mchuzi mzuri. Kaltumi alimwacha mgeni ashibe, halafu akauliza lile lililokuwa moyoni mwake siku zote.

"Wewe ndiyo ulikuwa na mtoto yangu siku ile kamba zangu zilikatika?"

Oyet alimtazama Muhamadi. Muhamadi alitazama sahani.

"Nilikuwa naye, mama."

"Basi niambie. Huyu hajaniambia. Mimi nataka kujua zilikatika wapi. Kwa fundo, ama kwa katikati?"

Oyet alifuta mikono. "Ngoja nianze mwanzo," alisema.

Alisimulia kwa vyombo vyetu. Alipanga mikate ya gurusa mstari mmoja: hili ni tuta la udongo na magunia ya mchanga, refu kuliko mtu. Nyuma yake akalaza vijiko: hili ni handaki, limechimbwa makusudi liwe pana la kumeza kifaru. Nyuma kabisa akaweka sufuria la mchuzi: hizi ni nyumba za mawe, kuta zimetobolewa matundu ya bunduki, na katikati yake kuna banda la zege lenye bunduki kubwa isiyonyamaza. Adui alikuwa amejichimbia hapo muda mrefu. Askari wa miguu walikuwa wamejaribu mara mbili, na mara zote mbili walirudi wakibeba wenzao.

Sasa, dereva wa kifaru anakaa chini mbele, peke yake, mikono kwenye vyuma viwili vya kugeuzia. Vita vikianza anafunga kifuniko, anabaki na kioo cha kuchungulia kisichozidi kiganja. Vumbi likipanda haoni kitu. Macho yake ni kamanda, aliye juu, nyuma yake, anayemwambia njia kwa simu ya masikioni. Na siku mbili kabla ya shambulio, simu za kifaru chao zikafa. Joto na nyaya kuukuu. Fundi alitikisa kichwa.

"Wakubwa walisema tuache, twende na ile vifaru zingine mbili," Oyet alisema. "Usiku huyu Muhamadi alikaa kimya. Asubuhi akafungua begi yake, akatoa kamba."

Alijifunga nyekundu mkono wa kushoto juu ya kiwiko, na kijani mkono wa kulia. Kamba zikapita nyuma, miguuni pa Siraje mpiga mzinga, zikaishia mikononi mwa Oyet. Nyekundu ikivutwa, kushoto. Kijani ikivutwa, kulia. Zikivutwa zote mbili kwa pamoja, simama. Zikilegea, twende mbele. Siraje aliapa kutouzungusha mzinga, asije akazitatiza. Halafu wakafanya mazoezi siku nzima, Muhamadi amefungwa kitambaa machoni, anatembea kambini katikati ya mahema na sufuria za wapishi, Oyet nyuma yake ameshika kamba. Kambi nzima ilicheka. Waliwaita ng'ombe na mkulima wake.

Kaltumi hakucheka. Alikuwa ameacha kutafuna.

Siku yenyewe kifaru cha kwanza kilikataa kuwaka, cha pili kikakatika mnyororo pale kwenye tuta. Kikabaki kifaru cha ng'ombe na mkulima. Oyet alisukuma ngumi yake juu ya mikate, ikainuka, ikaning'inia, ikaangukia upande wa pili. Mstari wa kwanza.

Kwenye handaki pana ndipo niliposhika mdomo. Siraje alipiga makombora ukingoni, matano, mpaka kipande cha ukingo kikaporomokea ndani na kupunguza upana. Kipande chenyewe kilikuwa na upana wa kupitisha kifaru na shubiri mbili za ziada. Wahabi, mpakia makombora, alikuwa anamwomba Mungu kwa sauti. Vumbi lilikuwa limefunga kila kitu. Muhamadi hakuona handaki. Hakuona ukingo. Alikuwa na mikono miwili na kamba mbili.

"Nikavuta nyekundu kidogo. Akaenda kidogo. Nikavuta tena kidogo. Kijani, kidogo sana, kama unaamsha mtoto. Mimi niliona ile shimo, mama, nikawa natetemeka. Yeye hakuona, na hakutetemeka. Ilikuwa inakuja kwa kamba, mimi nilisikia. Mtu akitetemeka kamba inakuambia. Yake ilikuwa imetulia."

Walivuka. Nilimtazama mwanamume yule aliyekaa karibu na viatu, ambaye wiki ileile nilimwita bubu kwa sababu ya bomba la maji, na nikamwonea fahari. Nikamwonea hasira pia. Miaka yote hiyo ameninyima hadithi hii!

"Haya, sufuria," nikasema. "Mstari wa tatu."

Oyet aliokota kijiko kimoja, akakilaza mbele ya sufuria.

"Askari wetu thelathini na moja walipita mbele yetu wakikimbia," alisema. "Walifikiri ile banda imenyamaza. Haikunyamaza. Wakalala chini kwa uwanja, hakuna hata jiwe ya kujificha. Halafu..."

"Halafu kamba zikakatika," Muhamadi alidakia, sauti kavu. "Imekwisha. Mama, mgeni amechoka."

Oyet alitia mkono mfukoni. Akatoa kitambaa, akakifungua juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na medali, na chini yake vipande viwili vya kamba, kimoja chekundu, kimoja cha kijani, vimefifia na kuingia mafuta. Kaltumi aliisogeza medali kando kwa nyuma ya mkono, akachukua kamba. Hakuvaa hata miwani. Alipitisha kidole gumba kwenye ncha ya nyekundu, halafu ya kijani, halafu nyekundu tena. Mimi sijui kusuka lakini macho ninayo. Kamba iliyokatika kwa kuvutwa inafumuka, kila uzi unaishia mahali pake. Ncha hizi zilikuwa bapa, nyuzi zote zimeishia sawasawa.

"Hii haikukatika," Kaltumi alisema. "Hii mtu amekata na kisu."

Alimwonyesha Oyet ncha, halafu mwanawe. Nje muuza maziwa alikuwa anapiga kengele ya baiskeli.

"Nani?"

"Mimi, mama," alisema Muhamadi.

Alisema akiwa ameinamisha kichwa, na alipoanza hakusimama.

"Afande alivuta zote mbili. Simama. Mimi nilisikia vizuri, mikono ilikuwa inauma. Lakini vumbi ilikuwa imefunguka kidogo, kwa kioo nikaona wale watu wamelala. Nikaona moja anachimba chini na mikono. Mimi nikisimama pale, wote wanakwisha. Nikaachia chuma moja, nikatoa kisu yangu ya kumenya machungwa, nikakata. Kifaru ikayumba, ikaonyesha ubavu. Hapo ndiyo roketi iliingia. Hapo ndiyo mguu ya afande iliharibika. Mimi nilivunja amri, na mwenzangu akalipa na mguu yake. Sasa mimi ningekujaje kunywa chai na yeye? Ningekaa wapi?"

Nilielewa kila kitu kwa mpigo. Gari lililooshwa bila kuchafuka, namba za simu, waya kwenye begi. Nilitaka kumshika mkono lakini Oyet alinitangulia. Alijiburuta mkekani na mguu wake wa bandia mpaka akafika karibu na viatu.

"Muhamadi, sikia mimi. Roketi iliingia kwanza. Kabla ya wewe kukata."

"Hapana, afande."

"Vitu vilikuwa vinatupiga tangu asubuhi, wewe chini ungejua aje ni gani? Iliingia. Nikaangalia mguu yangu, nikaona mfupa. Ndiyo sababu nilivuta. Wale watu mimi sikuwaona, na sikutaka kuwaona. Nilitaka unirudishe. Nilikuwa nalia, nikavuta na mikono yote mbili, simama, simama, turudi. Halafu kamba ikaja nyepesi. Nikavuta, hakuna mtu upande ile. Nikajua umekataa." Aliweka mkono juu ya goti la Muhamadi. "Na ukapanda juu ya ile banda na tani thelathini na sita, ukaipasua. Wale thelathini na moja wakainuka, wote. Hata Siraje na Wahabi wako hai. Mimi niko hai. Ungesimama pale, roketi ya pili ingetumaliza."

Muhamadi aliinua kichwa.

"Kwa ripoti wakaandika kwamba mimi niliamuru twende," Oyet aliendelea. "Nilikuwa hospitali, kichwa imejaa dawa, lakini nilijua nasaini nini. Nikasaini. Wakanipa ile chuma. Kila wakinipigia makofi nilikuwa naona kamba inakuja nyepesi. Nimeshaandika barua kwa wakubwa, nimesema ukweli. Lakini nilitaka wewe usikie kwanza. Ile medali ni yako."

Mume wangu alijifunika uso kwa mikono yake miwili, na mabega yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona akilia. Oyet alimshika shingoni, paji la uso kwa paji la uso, wakakaa hivyo, wazee wawili wenye mvi, kila mmoja ameubeba mzigo wake miaka kumi na miwili akidhani yeye ndiye mwenye kosa. Nilisema Alhamdulillahi. Nilisema pia kwamba wanaume ni wapumbavu, na naona nilisema kwa sauti.

Kaltumi hakuwa amesogea. Alikuwa bado ameshika vipande vyake.

"Wewe Oyet," aliita. "Ulivuta kwa nguvu?"

Oyet aligeuka, macho yamelowa. "Nguvu yangu yote, mama."

"Wakati ule ulikuwa na kilo ngapi?"

"Kama tisini."

"Na mtoto yangu upande ingine anavuta chuma?"

"Ndiyo, mama."

"Na haikukatika."

"Haikukatika, mama. Hata uzi moja."

Bibi yule alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua alimgeukia mwanawe, nami nikajua maneno yanakuja, na kweli yakaja. Alimwita kwa jina lake na la baba yake na la babu yake. Alimkumbusha idadi ya miaka, na idadi ya mabibi harusi wa Bombo waliokosa kamba kwa sababu ya uongo wake. Alimwambia angesema tu amekata, yeye angemsukia nyingine kesho yake, kwani kisu kinakata kamba ya mtu yeyote na si aibu kwa msusi. Muhamadi aliitikia kila neno, huku anacheka na kulia. Halafu Kaltumi aliingia chumbani, akaburuta kapu kutoka chini ya kitanda, akachagua kamba moja nyekundu na moja ya kijani, akamwekea Oyet mapajani.

"Za mtoto yako," alisema. "Uko na msichana?"

"Ninaye, mama. Helen."

"Akiolewa, afungie godoro."

Medali ilibaki mkekani mpaka niliponawisha watu mikono. Niliiweka juu ya kabati, karibu na Kurani, na hapo ipo.

Jua lilipoanza kupungua, Oyet aliaga. Kushuka ngazi kulimtisha kuliko kupanda, mguu wa bandia hauaminiki kwenye kushuka, na ngazi zetu hazina pa kushika tangu mwenye nyumba aondoe vyuma vikapakwe rangi. Muhamadi alitangulia ngazi moja chini yake, akampa mgongo.

"Shika hapa, afande."

Oyet aliweka mkono wa kushoto kwenye bega la kushoto, wa kulia kwenye bega la kulia. Wakaanza. Mimi na Kaltumi tulisimama juu mlangoni tukiwatazama. Ngazi zilipopinda Oyet alibonyeza bega la kushoto, na Muhamadi, bila kutazama, akaenda kushoto. Hawakuambiana neno. Kwenye kona ya ghorofa ya pili Oyet alichoka, pumzi zikamwishia, akayabana mabega yote mawili kwa pamoja.

Muhamadi akasimama.